Baiskeli niliyoiunda mwenyewe inanitesa: nikate nyuma niweke shokapu?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimejiundia baiskeli mwenyewe. Mbele nilitumia fremu ya chuma ya zamani ya magurudumu ya inchi 26. Nyuma ilikuwa imeoza kwa kutu, nikaikata na kuchomelea bomba za maji. Foki nayo ni ya kuunda, bomba mbili zilizonyooka. Tairi ni nyembamba, milimita 32, nazijaza psi 70 ili iwe nyepesi. Ni ya gia moja. Nina kilo 75, na kila siku naenda kilomita 14 na kurudi 14, lami iliyochakaa na changarawe. Inakimbia vizuri lakini inanitesa: kiuno kinauma kuanzia kilomita ya tano, vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi, na makalio ndiyo usiseme. Nimepata shokapu ya pikipiki, nafikiria kukata nyuma niiweke. Rafiki yangu anasema bora nitafute foki yenye springi. Nifuate lipi? Picha nne nimekuwekea.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kwanza nikupe haki yako: chombo ulichokichomelea kwa mkono wako, kinachotembea kilomita 28 kwa siku bila kuachia maungio, si kitu cha kubeza. Nimeziangalia picha zako kwa muda mrefu kuliko ulivyotarajia, na jibu langu ni kwamba usifuate la shokapu wala la rafiki yako. Zima mashine ya kuchomelea, shika pampu na futi kamba.

Fikiria safari ya mtikiso kutoka kwenye jiwe hadi kiunoni mwako. Unapita kwenye tairi, kisha ringi na spoku, kisha fremu, kisha nguzo ya kiti, kisha kiti chenyewe, ndipo unakufikia wewe. Kila kimoja kati ya hivyo ni springi ya aina yake, na zote zimepangwa mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine. Springi zikipangwa hivyo, ile iliyo laini kuliko zote ndiyo inayobonyea. Zilizobaki zinapokea mtikiso na kuupitisha tu. Fremu ya pembetatu iliundwa makusudi isibonyee kwenda chini. Hata ile ya kiwandani, yenye kuta za bomba zisizofika milimita moja, ikikanyaga shimo inabonyea kidogo sana ukilinganisha na tairi. Ya kwako yenye bomba za maji ni nene zaidi, ni nzito zaidi, lakini kwa mtikiso tofauti yake na ile uliyoikata ni ndogo mno. Kwa hiyo acha kuilaumu kazi yako ya nyuma.

Mkosaji wa kwanza ni hewa. Tairi ya milimita 32 yenye psi 70 kwenye changarawe ni sawa na kutembea juu ya kokoto kwa viatu vya soli ya mbao. Tairi ya upepo yenyewe ilipata umaarufu kwa ajili ya shida hii hii: mwaka 1888, mjini Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alimfungia mwanawe mipira ya hewa kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu kwa sababu ile ya mpira mgumu ilikuwa ikimrusharusha mtoto. Wewe umeichukua hewa ya Dunlop ukaishindilia mpaka imerudi kuwa mpira mgumu.

Najua kilichokupeleka huko. Tairi iliyojazwa sana inasikika nyepesi, inavuma, kila kokoto inakupa habari zake, na mwili unaichukua ile mitetemo kuwa ni mwendo. Kwenye sakafu laini kama kioo kuna ukweli ndani yake. Kwenye njia mbovu, kila mara baiskeli na mwili wako vinaporushwa juu, nguvu ya kuvirusha imetoka miguuni mwako na hairudi. Tairi pana yenye hewa ya wastani inalimeza jiwe badala ya kulipanda.

Wanaoshindana kwenye barabara za mawe za kaskazini ya Ufaransa walilipitia somo hili kwa njia ndefu. Mwaka 1992 Gilbert Duclos-Lassalle alishinda Paris–Roubaix akiwa na foki ya springi, akashinda tena 1993, na kwa muda ikaonekana kila mtu ataifuata njia hiyo. Leo foki hizo hazionekani tena kwenye mashindano yale, na waendeshaji wanazidi kupanua tairi na kupunguza upepo. Watu wenye fedha ya kununua chochote wakirudi kwenye tairi, mimi na wewe tuna sababu gani ya kuanzia kwingine?

Sasa vipimo. Kwenye ubavu wa tairi yako kuna namba kama 32-559. Ya pili ni kipenyo cha ringi mahali tairi inapokalia, kwa milimita, na hiyo haibadiliki maadamu unatumia ringi hizo hizo. Ya kwanza ni upana. Tafuta 50-559, au 47-559 ukikosa. Kabla hujanunua, pima nafasi kati ya zile bomba mbili ulizochomelea nyuma, mahali ambapo tairi itapita ikiwa pana kabisa. Kwa tairi ya milimita 50 nataka uone angalau milimita 60, kwa sababu ringi huyumba na spoku hukatika njiani, na tairi inayosugua bomba hupasuka ubavu. Kwenye picha ya tatu nafasi yako inaonekana ya kutosha nyuma, ila mbele foki imebana kidogo. Nitarudi kwenye hiyo foki. Angalia pia upana wa ndani wa ringi usiwe chini ya milimita 19 hivi, vinginevyo tairi pana italala upande kwenye kona. Na kama breki zako ni zile za mikono mifupi zinazopita juu ya tairi, huenda zisiizunguke hiyo mpya. Za mikono mirefu inayosimama pembeni hazina shida.

Jaza nyuma psi 32 hadi 35, mbele 27 hadi 30. Mbele kunakuwa pungufu kwa sababu uzito wako mwingi uko nyuma. Usiniamini mimi wala geji ya pampu peke yake, tumia rula. Simamisha baiskeli bila mtu, pima kutoka ukingo wa ringi hadi chini. Kisha panda, jiegemeze ukutani, mwenzako apime tena. Tairi iliyokuwa na kimo cha milimita 50 ikishuka hadi 42 au 43, yaani karibu asilimia 15, uko pazuri. Ikishuka zaidi, siku moja utasikia ringi ikigonga jiwe na tyubu itatoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba kama meno ya nyoka. Ukiyaona hayo, ongeza psi 3 na uendelee na maisha.

Jambo moja ambalo wengi hawalisemi: tairi mpya itakuwa ndefu kwa milimita 18 kuliko ya zamani, kwa hiyo kila mzunguko wa pedali utakusogeza mbele zaidi kwa karibu asilimia 6. Kwenye mlima utahisi baiskeli imekuwa nzito, na utalaumu upana wa tairi bure. Kwa kuwa una gia moja, badilisha sproketi ya nyuma iwe na jino moja zaidi, mfano kutoka 18 kwenda 19, na uzito unarudi palepale ulipokuwa.

Hiyo itatibu makalio kwa kiasi kikubwa na kiuno kwa sehemu. Vidole, hapana. Ganzi ya kidole kidogo na kile cha pete ina ramani yake mwilini: kuna neva inayopita upande wa nje wa kiganja, na ukiuegemeza uzito wako pale kwa saa nzima inasongwa. Mtu akiniambia "mikono inauma" namuuliza vidole vipi, na akiniambia hivyo viwili naacha kuutazama usukani, nautazama kiti.

Ndiyo, kiti. Nimepima pembe kwenye picha yako ya ubavuni: bomba la kiti limesimama karibu nyuzi 77. Baiskeli nyingi ziko jirani ya 73. Nadhani ulipochomelea nyuma mpya, fremu iliinuka mkia bila wewe kujua, jambo linalompata karibu kila anayeunda bila kibano cha kushikilia fremu. (Yangu ya kwanza ilitoka na nyuzi 79. Nilikuwa kama mtu aliyekaa juu ya ngazi.) Kwenye kimo cha kiti cha sentimita 72, kila nyuzi moja inakisogeza kiti mbele kwa milimita 12 na ushee. Nyuzi nne ni sentimita 5. Umekaa sentimita 5 mbele ya mahali ulipopaswa kukaa, mwili unataka kuangukia mbele, na kitu pekee kinachouzuia ni viganja vyako.

Lithibitishe mwenyewe. Kwenye njia tambarare isiyo na magari, ukiwa unakanyaga kwa nguvu ya kawaida, legeza mikono taratibu mpaka iwe inaugusa tu usukani. Ukibaki ulipo, kiti kiko sawa. Ukiona kifua kinaporomoka mbele, nimekupata.

Kurudisha sentimita 5 hakuhitaji kukata chochote. Kwenye picha nguzo yako ni ile ya zamani, bomba lililonyooka lenye kibano cha kiti juu yake, na kibano umekifunga kikiwa mbele ya nguzo. Kigeuze kikae nyuma. Hapo tayari umepata karibu sentimita 3 au zaidi. Halafu sukuma kiti nyuma kwenye reli zake, bila kuvuka mwisho wa sehemu iliyonyooka ya reli, maana zikibanwa kwenye kona zake huvunjika. Kikipungua sentimita moja bado, sihangaiki.

Ukimaliza, panga kimo upya, kwa sababu kiti kikirudi nyuma kinakuwa pia mbali zaidi na pedali. Simama bila viatu ukiegemea ukuta, weka kitabu katikati ya miguu ukipandishe mpaka kikaze, pima kutoka sakafuni hadi ukingo wake wa juu. Zidisha kwa 0.883. Ukipata sentimita 82, jibu ni 72.4, nayo ndiyo kutoka katikati ya ekseli ya pedali (ile inayopita ndani ya fremu na kushika mikono ya pedali) hadi juu ya kiti, ukifuata bomba. Hesabu hii ni mahali pa kuanzia tu. Kisha panda na uweke kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: goti linyooke bila nyonga kuinama upande. Ukikanyaga kwa unyayo wa mbele goti litabaki limekunjwa kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Nyonga zinazocheza kulia na kushoto ni kiti kirefu mno, na hicho peke yake kinatosha kuleta maumivu ya kiuno kufikia kilomita ya tano. Kwa macho yangu, chako kimezidi.

Nguzo iingie ndani ya bomba la kutosha. Kwenye fremu uliyoichomelea mwenyewe sikubali nguzo inayoishia juu ya ungio la bomba la kiti na lile la juu. Ipite chini ya ungio hilo kwa sentimita kadhaa, vinginevyo ukikalia unalipanua bomba mahali ambapo moto wako umeshalidhoofisha.

Sasa usukani. Kwa kuwa umerudi nyuma, nao lazima ukufuate, na hapa watu wengi wanapitiliza. Wanasema starehe ni kukaa wima kama mtu aliye kwenye kiti cha sebuleni, basi wanapandisha usukani mpaka kifuani. Mgongo uliosimama wima kabisa juu ya kiti unapokea kila shimo kwa urefu wake wote, pingili juu ya pingili. Mgongo ulioinama kidogo mbele unapinda kwenye nyonga mtikiso unapokuja, na sehemu ya mtikiso inaishia pale. Ukitaka kukaa wima kabisa, basi tafuta kiti kipana chenye springi kubwa chini yake, kwa sababu hizo ndizo zinazofanya kazi ambayo nyonga zako zimeikataa. Kwa umbali wako na mwendo wako ningeweka mshiko sawa na kimo cha kiti au sentimita 3 hadi 6 juu yake, si zaidi.

Aina ya usukani ina maana kuliko kimo. Wako umenyooka kama fimbo, na kiganja cha binadamu hakijaumbwa kushika fimbo iliyolala mbele ya kifua. Inyooshe mikono mbele, ikunje ngumi bila kufikiri, utaona ngumi zimeelekea ndani kwa pembe. Usukani unaorudi nyuma kwa nyuzi 30 hadi 45 unazifuata ngumi hizo, na unasogeza mshiko karibu nawe bila kubadilisha shingo ya usukani. Baiskeli za zamani za kubebea mizigo zilikuwa nao, na nyingi zimelala kwenye lundo la vyuma chakavu zikiwa nzima. Ukiufunga, hakikisha alama ya mwisho kwenye shingo imezama ndani na haionekani. Mishiko iwe minene kidogo. Vipande vya tyubu ya zamani vilivyoviringishwa chini ya mipini vinafanya kazi hiyo vizuri ajabu. Wenzo wa breki uinamishe ufuate mstari wa mkono, kifundo kisipinde kwenda juu unapobana.

Kiti chenyewe nitakigusia tu, kwa sababu bila kukuona umekikalia ningekuwa nabahatisha. Kalia kipande cha boksi gumu la karatasi lenye mikunjo ndani, ukiwa umeinama kama unavyoendesha, halafu pima umbali kati ya mashimo mawili yaliyobonyea. Hiyo ndiyo mifupa yako ya kukalia. Kwa watu wengi ni kati ya milimita 100 na 150. Ongeza 20 hadi 30 na huo ndio upana wa kiti unaokufaa. Usidanganywe na viti vya sponji nene au jeli vinavyozama kama mto. Mifupa ikizama, nyama ya katikati inabanwa, na kwenye nyama hiyo kuna neva na mishipa ya damu ambayo ganzi yake hutapenda kuizungumza na mtu. Kianze kikiwa kimelala sawa na ardhi. Pua ikielekea chini utateleza mbele, na mikono itarudi kubeba tulichokitua.

Nimekuahidi kurudi kwenye foki, na hili nalisema kwa sauti nyingine. Baiskeli yako yote naiheshimu isipokuwa kipande hicho. Ungio la nyuma likiachia, baiskeli inakaa chini na wewe unatoka na mchubuko. Foki ikiachia, unatua kwa uso kabla mkono haujaachia usukani. Sehemu ambapo bomba la usukani linaungana na miguu ya foki inapokea mzigo wa kupinda kila unapobana breki na kila unapoingia shimoni, mara elfu kwa siku, na chuma kilichochomelewa huchoka kwenye ukingo wa mchomeleo bila kutoa sauti. Ing'oe. Tafuta foki ya chuma ya kiwandani kutoka kwenye baiskeli ya inchi 26, yenye miguu iliyopinda mbele. Pima bomba lake la juu kwanza: yako ya zamani huenda ni milimita 25.4, na zile za baadaye ni 28.6, haziingiliani. Tairi ya 50 itapita bila ugomvi, na usalama wako hautategemea siku moja uliyokuwa na usingizi wakati wa kuchomelea.

Mbona isiwe ya springi, kama asemavyo rafiki yako? Kwa sababu ya urefu. Kutoka ekseli hadi juu, foki ngumu ya inchi 26 ina karibu milimita 400. Ya springi mara nyingi ina 460 na kuendelea. Ukiongeza milimita 60 mbele, baiskeli nzima inalala nyuma kwa nyuzi 3 hivi. Nimefanya hesabu kwa gurudumu lako jipya: ikiwa bomba la mbele liko nyuzi 71 na ekseli imetangulia mstari wa usukani kwa milimita 42, tairi inagusa ardhi milimita 69 nyuma ya mahali mstari huo unapoigusa ardhi. Huo umbali ndio unaofanya gurudumu lijinyooshe lenyewe, kama magurudumu ya mbele ya toroli la supamaketi. Lala nyuzi 3 zaidi na 69 inakuwa 88. Kwenye mteremko wa kasi utasifu utulivu wake. Kwenye mwendo wa polepole, ukiwa na mzigo, usukani utaanguka upande kama mlango wenye bawaba mbovu. Zaidi ya hapo, foki ndefu ni wenzo mrefu, na wenzo huo unang'oa mchomeleo wa bomba la chini. Fremu iliyoundwa kwa ajili yake inaumudu. Yako ilichorwa kabla foki hizo hazijawa jambo la kawaida.

Faida moja ya mlalo huo ni kwamba nao ungekirudisha kiti nyuma. Nimelifikiria. Bado sikushauri ununue nyuzi 3 kwa bei ya kusumbua usukani wakati kugeuza kibano ni kazi ya spana moja.

Tumefika kwenye shokapu yako. Sikatai kwamba inawezekana, watu wameunda na zimetembea. Lakini ngoja nikuonyeshe ilivyo rahisi kukosea. Ukiwa na kilo 75, chukua kwamba kilo 45 ziko nyuma. Tuseme unataka gurudumu lipande milimita 100, na ukikaa tu lishuke robo ya hizo, yaani 25. Ukiifunga shokapu moja kwa moja juu ya ekseli, unahitaji springi inayobonyea milimita moja kwa kila kilo 1.8. Sasa isogeze katikati ya mkono wa nyuma, ili ibonyee milimita 50 wakati gurudumu linapanda 100. Mzigo juu yake unakuwa maradufu na mwendo wake unakuwa nusu, kwa hiyo springi inayotakiwa ni ya kilo 7.2 kwa milimita. Shokapu ileile, mkono uleule, na ugumu umebadilika mara nne kwa sababu ya mahali ulipotoboa tundu. Yako ilitengenezwa kwa mashine yenye zaidi ya kilo mia moja kabla dereva hajapanda, na mafuta yaliyo ndani yake yamepangwa kutuliza uzito huo. Ikiwa laini mno itakurusha kama kitanda cha springi kila unapokanyaga. Ikiwa ngumu mno utakuwa umebeba kilo za chuma bure.

Na bado hatujaitaja cheni. Mkono wa nyuma ukizunguka kwenye bawaba isiyo kwenye ekseli ya pedali, umbali kati ya sproketi mbili unabadilika kila unaposhuka shimoni. Kwenye baiskeli ya gia moja cheni italegea na kuruka, au itakaza na kuipiga pedali nyuma, mpaka uongeze kikaza cheni. Bawaba nayo inataka bushi zisizocheza kwa pembeni, la sivyo gurudumu litatikisa mkia kwenye kona. Hiyo ni baiskeli nyingine, si marekebisho. Ukitaka kuijenga siku moja, ijenge kuanzia mwanzo, na hii ibaki ya kukupeleka kazini.

Huenda ukashawishika pia kurefusha nyuma, maana wengi husema mkia mrefu ni laini. Ni kweli, ila pima kwanza. Kiti kikishakaa mahali pake kitakuwa karibu sentimita 22 mbele ya ekseli ya nyuma, kwenye baiskeli yenye sentimita 100 kati ya ekseli na ekseli. Gurudumu la nyuma likipanda jiwe la milimita 40, wewe unapanda 31. Refusha mkia kwa sentimita 4, utapanda 30. Milimita moja, kwa jasho lote hilo na maungio mapya manne. Baiskeli ndefu za mizigo zinasifiwa kwa ulaini kwa sababu zimeongezwa sentimita 40, si 4.

Kuhusu kuchomelea, moja tu, kwa sababu nimeona rangi ya bomba zako kwenye picha ya nne: hizo zimepakwa zinki. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe, na ukiuvuta unapata homa, baridi na kichefuchefu saa chache baadaye, ukadhani ni malaria. Ukilazimika kuchomelea tena, ikwangue zinki yote hadi chuma kitupu kionekane, na ufanye kazi mahali penye upepo.

Anza na upepo leo, hata kabla ya tairi mpya. Shusha hizo za milimita 32 hadi psi 55 nyuma na 50 mbele, uendeshe siku mbili. Siku ya tatu geuza kibano cha kiti na upange kimo, usiguse kingine, uendeshe siku mbili nyingine kwa njia ileile. Ukibadilisha vitu vitano kwa mkupuo hutajua ni kipi kilichokuponya, wala kipi cha kurudisha kikikukataa. Funga kila nati upya baada ya kilomita 50 za kwanza, hasa kibano cha kiti, maana hicho hupenda kulegea.

Foki haiingii kwenye huo mpangilio wa siku mbili mbili. Mpaka upate nyingine, futa rangi kwa msasa kuzunguka mchomeleo wake wa juu, paka mafuta mepesi, yafute, kisha mwaga vumbi la chaki. Palipo na ufa, mafuta yatachoreka kwenye chaki kama mstari wa kalamu. Ukiuona mstari huo, baiskeli isitoke nyumbani. Usipouona, nipigie picha ya mchomeleo kwa karibu, pande zote mbili, na kipimo cha bomba la usukani, nikuambie foki ya kutafuta.